Ukurasa wa kushoto na ukurasa wa kulia

Kaunta buku la klabu yetu ya mpira lina jalada jekundu, na mgongoni limebandikwa plasta ya hospitali kwa sababu kurasa zilishaanza kuachia. Mweka hazina alinikabidhi likiwa ndani ya bahasha ya kaki, Jumamosi moja ya Juni yenye ule ubaridi wa Uyole, Mbeya, unaomfanya mtu aongee na mikono mfukoni. Akalifungua katikati. Juu ya ukurasa wa kushoto ameandika VIJANA, wa kulia MABINTI, na chini ya kila jina la timu, kwa peni ileile ya bluu, tarakimu ileile: 4,200,000.

"Kaka, kazi yako ni moja tu," akasema. "Tunadaiwa milioni mbili na laki tisa. Waambie wanachama pesa imekwenda wapi."

Mimi natunza vitabu vya SACCOS, chama cha akiba na mikopo, ya wakulima. Mpira naushabikia kama watu wengine, kwa kelele. Jina la klabu nimeliweka kando, na majina ya watu pia, maana wengi wao tunapanda nao daladala moja kila asubuhi. Hesabu nimeziacha zilivyo.

Klabu ni ya wanachama. Haina tajiri mwenye hatimiliki, haina kampuni nyuma yake, haina halmashauri inayoilea kama ilivyokuwa Mbeya City ilipoanzishwa 2011. Wanachama ni 214, wengi waendesha bodaboda, wauza viazi, mafundi, walimu na akina mama wa vikoba. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Wote wangelipa, mwaka ungeingiza 5,136,000. Zimeingia 2,310,000. Nilipowauliza sababu, nilipata majibu mengi, na karibu yote yalianza na neno "nilikuwa".

Kingine kilichoingia ni hiki: kukodisha viti na turubai, mali pekee ya maana ya klabu, 1,140,000, harambee na michango iliyopita mikononi mwa mweka hazina, 2,600,000, faida ya jezi, 450,000. Jumla 6,500,000. Kiingilio hakuna, kwa sababu uwanja ni wa shule ya msingi na hauna uzio. Anayetaka kutazama anasimama kando ya mstari, na mbuzi wa jirani naye anatazama.

Sasa rudi kwenye zile tarakimu mbili za juu. Mafungu mawili ya 4,200,000 ni 8,400,000. Klabu ilipanga kutumia pesa ambayo haikuwa nayo, na haikuwahi kuwa nayo hata mwaka wa nyuma. Kosa hili ni la kwanza kwa ukubwa na la mwisho kujadiliwa. Kwenye mikutano yote mitatu niliyohudhuria, hakuna aliyeligusa zaidi ya dakika tano. Lawama zote zilikuwa juu ya usawa wa mafungu.

Usawa huo una historia yake. Miaka michache iliyopita mwalimu mmoja mwanachama alisoma kwenye simu habari za Lewes FC, akaja nayo kwenye mkutano mkuu. Lewes ni klabu iliyoanzishwa 1885 katika mji mdogo wa kusini mwa Uingereza, karibu na Brighton. Mwaka 2010, baada ya kuelemewa na madeni, ilikabidhiwa kwa jamii, na tangu hapo mtu wa kawaida anaweza kuchukua hisa na kuwa mmiliki mwenye kura moja sawa na mwenzake. Mwaka 2017 ikatangaza kwamba timu yake ya wanaume na ya wanawake zitapewa bajeti sawa, na inatajwa kuwa klabu ya kwanza duniani, ya kulipwa au nusu ya kulipwa, kufanya hivyo. Mwalimu alisoma habari hiyo kwa sauti darasani, watu wamebanana kwenye madawati ya watoto wa darasa la tatu. Mama mmoja akasimama akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, hilo ndilo tulilokuwa tunalingoja, kwa sababu mabinti walikuwa wanavaa jezi zilizochakazwa na vijana. Hoja ikapita kwa mikono. Mweka hazina wa wakati ule akachora mstari katikati ya kaunta buku.

Nilikaa na kitabu hicho jioni nne. Ukurasa wa kushoto unaishia 4,050,000. Vijana wamebakisha hata chenji. Ukurasa wa kulia unafika 4,200,000 mwishoni mwa Machi, kisha unaendelea kwa peni nyekundu hadi 5,350,000. Jumla ya matumizi 9,400,000, mapato 6,500,000, pengo 2,900,000. Deni lilijieleza lenyewe: mwenye kosta laki tisa, duka la vifaa vya michezo milioni moja na laki mbili, makocha wawili posho za laki nane.

Nikaandika taarifa ya ukurasa mmoja. Nilisema timu ya mabinti imevuka fungu lake kwa 1,150,000, ya vijana imejibana, na nikashauri mabinti wapunguziwe mpaka deni lilipwe. Niliisoma mbele ya kamati nikiwa najiamini kabisa. Wazee wawili walitikisa vichwa kwa kuridhika, na mmoja akasema alichokuwa amekibania kifuani muda mrefu: kwamba Tukuyu Stars ilichukua ubingwa wa nchi 1986, imetoka tu kupanda daraja, bila kukodi kosta ya mabinti.

Mama mlezi wa timu ya mabinti hakutikisa kichwa. Ana kibanda cha chakula karibu na stendi, na alikuwa amekuja na aproni yake. Akasubiri watu wamalize.

"Mwanangu, umesoma vizuri," akaniambia. "Sasa niambie, vijana wameenda Iringa mara ngapi?"

Nikatazama kitabu. Hawajaenda.

"Na mbuzi waliyempata kwa kushinda ndondo ya mtaani ya Krismasi, umemwandika ukurasa gani?"

Ikabidi niombe wiki mbili.

Kitu cha kwanza nilichokuwa sijakiona ni barabara. Vijana wanacheza ligi ya wilaya. Wapinzani wako Mbalizi, Iyunga, Igawilo, na wa mbali zaidi ni kidogo tu kuelekea Rungwe. Safari zao tisa za ugenini ziligharimu 1,080,000, wastani wa 120,000 kwa hiace ya kwenda na kurudi. Timu za mabinti katika mkoa zinahesabika kwa vidole, na ukishacheza nazo umecheza nazo. Ili wapate mechi za maana walikwenda Tunduma kwa 280,000, Kyela 320,000, Makambako 450,000, na Iringa mara mbili, 900,000 kila safari. Jumla 2,850,000 kwa safari tano. Wastani ni 570,000, karibu mara tano ya safari ya vijana. Zaidi ya nusu ya pesa yote ya mabinti imeishia kwenye matangi ya dizeli. Kwa vijana nauli ni robo na ushee.

Kwa hiyo shilingi sawa hazikununua mpira sawa. Msimu mzima vijana walicheza mechi 24. Mabinti walicheza 11.

Safari ya kwanza ya Iringa nilisimuliwa na nahodha, binti wa miaka 19 anayesuka nywele Mwanjelwa. Waliondoka saa kumi alfajiri, wachezaji 18, kocha, mama mlezi, na sufuria mbili za wali zilizofungwa kwa kanga. Wakafika kabla ya saa sita mchana wakakuta uwanja waliopangiwa una sherehe, na viti vimeshapangwa kwenye kumi na nane, mbele ya goli. Wenyeji wakaomba radhi, mechi ikasogezwa Jumapili asubuhi. Wali ulikuwa wa mlo mmoja. Pesa ya kulala haikuwapo kwenye fungu, maana fungu lilihesabu kwenda na kurudi siku moja. Wakalala kwenye kosta, wamekunja miguu juu ya begi la mipira, vioo vinatoka jasho. Asubuhi mama mlezi akanunua maandazi na chai kwa pesa yake, wakacheza, wakatoka sare ya bao moja. Kurudi, walisimama Makambako usiku na upepo ule, dereva akapiga simu kwa mwenye gari kuuliza siku ya pili italipwa na nani. Laki tisa ikazaliwa pale. Bei ya kwanza ilikuwa laki sita.

Kwenye kitabu safari hiyo ina mstari mmoja: "Kosta Iringa."

Kitu cha pili kilikuwa kigumu zaidi, kwa sababu hakikuandikwa popote. Ilibidi nizunguke kuuliza, na watu hawapendi kuulizwa pesa waliyoitoa kwa moyo. Yuko mfanyabiashara wa viazi, mzee wetu, mtu mkarimu ambaye hajawahi kukosa mechi ya nyumbani. Vijana wakishinda anatoa laki moja palepale, mkononi mwa nahodha. Wameshinda mara 11. Mdau mwingine alilipa hiace tatu, 540,000, akimpa dereva moja kwa moja. Mfanyakazi mmoja aliyeko Dar alituma jozi 14 za viatu vya njumu. Kwa bei ya dukani, 35,000 kila jozi, ni 490,000. Mbuzi wa ndondo aliliwa siku hiyohiyo, sikumpigia hesabu. Bila yeye, vijana wamepata 2,130,000 nje ya kitabu.

Kwa upande wa mabinti nilipata kitu kimoja. Mama mlezi alikuwa na orodha nyuma ya kalenda ya ukutani: sabuni, taulo za kike, dawa ya kuchua, yale maandazi. Jumla 180,000. Hakuwa na mpango wa kudai.

Jumlisha upya. Vijana 4,050,000 na 2,130,000 ni 6,180,000. Mabinti 5,350,000 na 180,000 ni 5,530,000. Timu niliyoisifu kwa kujibana ndiyo iliyotumia zaidi, kwa 650,000, na ilijibana kitabuni kwa sababu kulikuwa na mtu pembeni anayelipa. Taarifa yangu ya kwanza niliichana mwenyewe. Nakala moja bado ipo kwa mzee wa Tukuyu Stars, na hajakubali kuirudisha.

Nilimfuata mfanyabiashara wa viazi sokoni. Alikuwa juu ya gunia akisimamia lori linalopakia kwenda Dar, lumbesa zimeshonwa hadi shingoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na kile kitabu?"

Nikamwambia nimekuja kuomba pesa yake ipite kwenye kitabu, kisha igawanywe.

"Sikiliza," akasema. "Mimi nikimpa mtoto aliyefunga, namuona anavyocheka. Nikikupa wewe, utanipa karatasi. Karatasi ninazo." Akanionyesha ndani ya koti, stakabadhi za ushuru zimejaa. "Na hao mabinti, wakicheza hapa nyumbani nitawaona. Tatizo lenu mnawapeleka Iringa. Nitatoa vipi pesa kwa goli ambalo sijaliona?"

Nilikuja na jibu, ila mbele yake likapotea, kwa sababu alichosema kina ukweli. Mabinti walicheza nyumbani mara nne tu. Pesa ya hiari hufuata macho, na sisi wenyewe tuliwaondoa mabinti machoni pa watu halafu tukashangaa hawachangiwi.

Hapo ndipo ilibidi niisome upya habari ya Lewes, safari hii hadi mwisho. Tulichoiga ni nusu. Wenzetu wale waligawa sawa kilichokuwa chao, kisha wakageuka nje kupiga kelele kuhusu kile ambacho wengine wanakigawa. Kombe la FA la wanawake Uingereza lilikuwa na fungu la zawadi la pauni 309,000 kwa mashindano yote, wakati la wanaume lilikuwa mamilioni. Lewes walilisema hilo hadharani miaka mingi. Kuanzia msimu wa 2022/23 fungu la wanawake likapandishwa hadi pauni milioni 3, na bado la wanaume lilikuwa zaidi ya mara tano ya hilo. Maana yake timu mbili zilizotoka klabu moja kwa bajeti moja zingeweza kufika hatua moja ya kombe, moja ikarudi na gunia na nyingine na kifuko. Mbuzi wetu wa ndondo ni ndugu yake na hilo. Wanaoandaa ndondo hapa huandaa ya wavulana, na mshindi huondoka na mnyama.

Na Lewes yenyewe haikutajirika kwa uamuzi wake. Machi 2023 mabinti wao walifika robo fainali ya Kombe la FA, wakaikaribisha Manchester United kwenye uwanja wao, wakafungwa 3–1. Msimu uliofuata wakashuka kutoka daraja la pili. Klabu kubwa zenye matajiri ziliingiza pesa kwenye soka la wanawake, na klabu ya wanachama haina pa kuchota zaidi ya kwa wanachama. Mzee mmoja aliposikia hayo alipiga meza: "Unaona!" Mimi niliona kingine. Timu yao ya wanaume ilikuwa daraja la saba, ikila bajeti ileile, na msimu huo nayo haikupanda. Ukitaka kulaumu usawa, ulaumu pande zote mbili.

Kwetu pesa ya juu ipo lakini haishuki. Mkataba wa Azam TV wa kuonyesha Ligi Kuu uliosainiwa 2021 ni wa shilingi bilioni 225 na ushee kwa miaka 10. Ngazi ya kata huuona kwenye runinga ya baa. CAF, shirikisho la soka la Afrika, inazitaka klabu zinazoingia mashindano yake ziwe na timu ya wanawake, na sharti hilo limesaidia klabu za juu kuchukulia jambo hili kwa uzito. Timu inayocheza kwenye uwanja wa shule ya msingi sharti hilo halijaifikia. Lipuli ya Iringa ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho 2019, ikafungwa na timu ya Azam FC bao moja, na mwaka uliofuata ikashuka Ligi Kuu. Mbeya City ilimaliza ya tatu msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14, na 2023 ikashuka kwa kufungwa na Mashujaa ya Kigoma kwenye mchujo, kabla ya kurudi tena. Hata wenye mlango wa benki wanahangaika. Nililitaja hilo mkutanoni ili watu waache kutafuta mchawi.

Mkutano ulikuwa na mapendekezo matatu mezani. La kwanza, mabinti wapewe milioni mbili na vijana waendelee na nne. La pili, safari za Iringa zifutwe. La tatu lilikuwa langu, na nilijua halitashangiliwa: bajeti ishuke kwa wote hadi 3,000,000 kila timu, laki tano zinazobaki zianze kulipa deni, na usawa upimwe kwa mechi badala ya shilingi. Kila timu ihakikishiwe mechi 16, nane zikiwa nyumbani. Nauli itoke kwenye mfuko mmoja wa pamoja kabla ya kugawa chochote. Safari ya Iringa iwe moja, ya siku mbili, mechi mbili, kulala kwenye bweni la shule kwa makubaliano yaliyoandikwa. Pesa yoyote ya mdau, hata ya mkononi, iandikwe kitabuni jioni ileile, hata kama imeshagawanywa.

Pendekezo la kwanza lilikuwa na watu wengi kuliko nilivyotarajia. Kijana mmoja wa bodaboda, mchezaji wa akiba, ndiye aliyelipunguza nguvu, na hakuwa na takwimu yoyote. Alisema dada yake anacheza timu ya mabinti, na siku ile ya Iringa mama yao alikaa macho hadi saa tisa usiku akisubiri kosta. "Mkiwapa milioni mbili mtawapeleka kwa miguu?" Watu wakacheka, kisha wakanyamaza.

Lilipita pendekezo la tatu, likiwa limenyofolewa. Mechi nane za nyumbani zilipunguzwa hadi sita. Kipengele cha pesa ya wadau kilibadilishwa kutoka "iandikwe" kuwa "inashauriwa iandikwe", kwa heshima ya wazee waliokuwa mstari wa mbele. Binafsi naona hapo ndipo tulipouvunja mguu wa meza tuliyotoka kuitengeneza, lakini kura ni kura. Mwenye kosta alikubali laki tatu kwa mwezi. Mwenye duka la vifaa hakukubali kitu, alisema atakuja kuchukua viti.

Jumapili iliyofuata vijana walicheza nyumbani, wakashinda 2–0. Mweka hazina alikuwa amesimama kando ya mstari na kaunta buku kwapani, kama mwalimu wa zamu. Mzee wa viazi akaingia uwanjani kama kawaida yake, akampa nahodha laki moja, wakacheka wote. Alipokuwa anatoka alipita mbele ya mweka hazina, akasita, akatoa noti mbili za elfu kumi.

"Hii ya kitabu."

"Ahsante mzee. Niandike ukurasa upi, kushoto au kulia?"

Mzee akalitazama kaunta buku, ile plasta, ule mstari wa bluu.

"Andika katikati."

Usiku mweka hazina alinipigia simu kuniuliza katikati ni wapi.